Rola kosta: ni kitu gani kinachowashikilia abiria wasidondoke?

Wiki mbili zilizopita tulipokea ujumbe kwenye simu ya studio kutoka kwa mama mmoja anayetusikiliza kijijini kwake. Binti yake yuko Abu Dhabi kikazi. Siku ya mapumziko binti alikwenda na wenzake kwenye bustani ya burudani, akapanda chombo kinachoitwa rola kosta, kisha akamtumia mama yake video kwa WhatsApp. Mama aliiangalia mara tatu, na mara zote tatu aliizima kabla haijaisha. Akatuandikia hivi: "Mwanangu mtangazaji, hicho kigari hakina paa, hakina dereva, na kinakwenda kuliko basi la mkoani. Watoto wa watu wanapiga mayowe. Niambieni, ni kitu gani kinachowashikilia wasidondoke?"

Tulimjibu hewani, lakini muda wa kipindi haukutosha. Wengine nao wakauliza maswali, hasa wazazi wanaowapeleka watoto kwenye bembea wakati wa sikukuu na maonesho ya Nane Nane. Basi haya hapa maelezo kwa urefu, uyasome kwa nafasi yako.

Jibu la haraka ni hili: si mkanda peke yake. Mkanda una kazi yake, tutaiona. Lakini kabla ya mkanda kuna vitu vinne: meno ya chuma yanayozuia gari kurudi nyuma, magurudumu yanayoikumbatia reli juu na chini, umbo la njia yenyewe, na sheria moja iliyotoka kwenye reli za treni. Vitu hivi havikuja siku moja. Viligunduliwa kimoja kimoja kwa zaidi ya miaka mia, na baadhi yake vilikuja baada ya watu kuumia.

Chombo kisicho na injini

Tuanze na dereva. Ni kweli, hayupo. Tena kwenye rola kosta nyingi injini pia haipo ndani ya gari.

Mtu mwenye baiskeli analijua jambo hili. Ukifika juu ya kilima huna haja ya kukanyaga pedeli. Unaachia, baiskeli inashuka yenyewe, inapata kasi, na ikikutana na kilima kingine mbele inapanda kidogo kwa ile kasi iliyoipata. Haiwezi kufika juu kama pale ilipoanzia, kwa sababu upepo na msuguano wa magurudumu vimekula sehemu ya nguvu.

Rola kosta ni hivyo hivyo. Gari linavutwa kwa mnyororo hadi juu ya mlima wa kwanza, kisha linaachiwa. Kuanzia hapo kazi yote inafanywa na mvutano wa dunia. Ndiyo maana kwa kawaida mlima wa kwanza ndio mrefu kuliko yote, na inayofuata inazidi kuwa mifupi.

Ziko chache zinazorushwa badala ya kuvutwa. Ile aliyopanda binti wa mama yetu, Formula Rossa, ni ya aina hiyo. Ilifunguliwa mwaka 2010, na mtambo wake unalisukuma gari kutoka kusimama hadi kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde zisizozidi tano hivi. Basi la abiria linaruhusiwa kwenda kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo hiyo ni mara tatu yake. Abiria huvaa miwani ya kukinga macho, kwa kuwa kwa mwendo huo punje ya mchanga inaweza kuumiza jicho.

Barafu ya Urusi na nyumbu wa Marekani

Mchezo huu ulianzia kwenye baridi kali. Katika karne ya 17 na ya 18 Warusi walijenga ngazi ndefu za mbao wakati wa majira ya baridi, upande mmoja wakatengeneza mteremko na kuumwagia maji. Maji yakaganda kuwa barafu. Watu walipanda ngazi, wakakaa kwenye kibao, wakateleza hadi chini. Baadhi ya milima hiyo ilifika mita 20 na zaidi. Malkia Catherine wa Pili, aliyeanza kutawala mwaka 1762, alijengewa ya kwake katika makazi yake ya Oranienbaum.

Wafaransa waliuchukua mchezo huo, lakini Paris haina baridi ya kutosha kugandisha mlima. Wakaweka magurudumu. Mwaka 1817 ilifunguliwa milima miwili ya namna hiyo jijini Paris, na katika ule wa Belleville ncha za ekseli za gari ziliingizwa kwenye mfereji uliochongwa pembeni mwa njia ili gari lisitoke. Kumbuka hatua hii: tangu wakati huo watu walishajua kwamba uzito wa gari peke yake hautoshi kulibakiza njiani.

Ndiyo maana hadi leo Wafaransa huuita mchezo huu "milima ya Kirusi", na ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma Kifaransa wanalijua jina hilo. Kichekesho ni kwamba Warusi wenyewe huuita "milima ya Kimarekani".

Wamarekani walifikaje humo? Kwa makaa ya mawe. Mwaka 1827, katika milima ya Pennsylvania, kampuni moja ya makaa ilijenga reli ya kushukia kutoka mgodini hadi mtoni, urefu wa karibu kilomita 14. Mabehewa yalishuka yenyewe yakiwa yamejaa makaa. Nyuma yake lilifungwa behewa la nyumbu, yule mnyama mzao wa punda na farasi. Nyumbu walishuka kwa raha zao, kisha wakayavuta mabehewa matupu kurudi juu. Inasimuliwa kwamba baada ya kuzoea kupanda gari, nyumbu hao waligoma kabisa kushuka kwa miguu.

Watu wa mjini nao wakaanza kuomba kupanda. Reli ya treni ya kawaida ilipochukua kazi ya kubeba makaa mwaka 1872, njia ile ya mlimani ikabaki kuwa ya watalii tu. Mwendo wa kushuka mlima ukawa biashara.

Senti tano ufukweni

Mwaka 1884 mfanyabiashara LaMarcus Thompson alijenga njia ya mbao ya mawimbi mawimbi kwenye ufukwe wa Coney Island, New York. Nauli ilikuwa senti 5 za dola. Mwendo ulikuwa karibu kilomita 10 kwa saa, ambao mwendesha baiskeli angeupita. Abiria walikaa wakitazama pembeni. Wakifika mwisho wa njia walishuka, wahudumu wakalipandisha gari kwenye mnara wa pili, watu wakapanda tena na kurudi walikotoka.

Pamoja na uchovu wote huo, watu walipanga foleni. Mwaka uliofuata, 1885, Mmarekani mwingine, Phillip Hinkle, alitumia mashine kulivuta gari hadi kileleni abiria wakiwa wamekaa. Sasa hakuna aliyeshuka. Lakini kuvutwa kilimani kulileta swali jipya: mnyororo ukikatika je?

Mlio wa ta-ta-ta-ta

Ukiangalia video ya rola kosta ya mnyororo, sikiliza inapopanda. Utasikia ta-ta-ta-ta mfululizo. Wengi hudhani ni mnyororo unaolia. Sivyo. Huo ni mlio wa usalama.

Kwenye mlima wa kupandia kuna chuma chenye meno kama ya msumeno, kimelazwa kufuata njia. Chini ya gari kuna ulimi wa chuma. Gari likipanda, ulimi unaruka jino moja hadi jingine, na kila ukianguka unalia ta. Kwenda mbele unaruhusu, kurudi nyuma unakamata. Umeme ukizimika au mnyororo ukikatika, gari haliporomoki, linakaa pale pale likisubiri watu washushwe kwa ngazi.

Gurudumu la nyuma la baiskeli yako lina ndugu wa kifaa hicho. Ukiacha kukanyaga huku baiskeli inatembea, unasikia tik-tik-tik ndani ya gia. Humo nako mna meno na ulimi, upande mmoja vinaachia, upande mwingine vinakamata.

Vidole vya chini

Mtu anayetajwa sana katika usalama wa rola kosta ni John Miller, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi na Thompson. Alisajili ugunduzi mwingi kwa jina lake, ukiwamo wa mwaka 1919 ambao ulibadilisha kila kitu.

Kabla yake, magari mengi yalikaa juu ya njia kwa uzito wake tu, yakiwa na vikingio vya pembeni. Mjenzi hakuthubutu kuweka mteremko mkali, kwa sababu gari likivuka kilele kwa kasi lingeweza kunyanyuka na kuiacha reli. Miller aliongeza magurudumu chini ya reli.

Shika mpini wa jembe lako sasa hivi. Kiganja kiko juu ya mpini, dole gumba ubavuni, vidole vingine vimeushika kwa chini. Mtu akiuvuta mkono wako juu, vidole vya chini vinazuia. Akiusukuma pembeni, dole gumba linazuia. Gari la rola kosta ya leo linashika reli vivyo hivyo. Lina magurudumu ya juu yanayobeba uzito, magurudumu ya ubavuni yanayolielekeza kwenye kona, na magurudumu ya chini yanayozuia lisinyanyuke. Hata reli ikipinduka na abiria wakawa vichwa chini, gari halina pa kwenda.

Mama, hilo ndilo jibu la kwanza la swali lako. Gari halikukaa juu ya reli kama kikombe juu ya meza. Limeishika.

Baada ya hapo wajenzi walipata ujasiri. Miaka ya 1920 ilikuwa miaka ya neema kwa mchezo huu. Rola kosta ya mbao iitwayo Cyclone, pale pale Coney Island, ilifunguliwa mwaka 1927 na mpaka leo inabeba watu. Kasi yake hufika kilomita 97 kwa saa.

Kitanzi kilichoumiza shingo

Swali tuliloulizwa zaidi baada ya kipindi lilikuwa hili: inakuwaje mtu apinduliwe kichwa chini na asianguke?

Watoto wanaotoka kisimani wanalijua jibu. Weka maji kidogo kwenye ndoo ndogo, izungushe kwa kasi kutoka chini hadi juu ya kichwa na kuirudisha chini. Maji hayamwagiki. Kwa sababu ndoo inageuza mwelekeo kila wakati na maji yanataka kwenda moja kwa moja, maji yanabanwa kwenye kitako cha ndoo. Abiria kwenye kitanzi ndiye maji, na kiti chake ndicho kitako cha ndoo. Ukizungusha polepole, unalowa.

Mwaka 1895 Lina Beecher alijenga Coney Island kitanzi cha duara kamili, kipenyo chake kama mita 7 na nusu. Abiria hawakudondoka, ila waliumia shingo. Kosa lilikuwa kwenye lile duara. Gari lilifika chini likiwa na kasi kubwa, kisha ghafla likapindwa kwenda juu kwenye duara jembamba. Uzito wa abiria ukaongezeka kwa kishindo.

Wahandisi hupima uzito huo kwa herufi g. Ukiwa umekaa nyumbani una g 1, yaani uzito wako wa kila siku. Kwenye g 3, mtu wa kilo 60 anajisikia kama ana kilo 180. Makadirio yanayotajwa kwa kitanzi kile cha 1895 ni g 12. Kwa mtu huyo huyo ni kama kilo 720, na shingo yake ndiyo inayokibeba kichwa.

Mwaka 1901 Edwin Prescott alijenga kitanzi kingine chenye umbo la yai. Kilikuwa na nafuu, lakini kilibeba watu wachache mno kwa wakati mmoja, na biashara ikafa. Vitanzi vikapotea kwa miongo mingi.

Vilirudi miaka ya 1970 huko California. Mwaka 1976 ilifunguliwa rola kosta iitwayo Revolution, iliyotengenezwa na Mjerumani Anton Schwarzkopf pamoja na mhandisi Werner Stengel. Kitanzi chao kilikuwa na umbo la tone la maji, pana chini na jembamba juu. Chini, ambako gari lina kasi kubwa, kona ni pana, kwa hiyo uzito unaongezeka taratibu. Juu, ambako gari limepunguza mwendo, kona ni kali, kwa hiyo abiria anaendelea kubanwa kwenye kiti. Ukiona kitanzi cha rola kosta leo, kiangalie vizuri: mara nyingi si duara.

Hapo ndipo tumbo linapopanda

Sasa tuje kwenye mkanda. Kama umepanda bodaboda ikaruka tuta bila kupunguza mwendo, umewahi kuhisi makalio yakiachana na kiti na tumbo likipanda kifuani. Pikipiki imeanza kushuka, mwili wako bado unataka kwenda juu. Wapenzi wa rola kosta huiita hali hiyo kuelea, na ndiyo wanayoilipia.

Kwenye kuelea, magurudumu ya chini yanalishika gari, lakini hayakushiki wewe. Kinachokushika wewe ni chuma cha mapajani, yaani fito inayoshuka na kujifunga juu ya mapaja, au kile kikubwa kinachoshuka kutoka mabegani. Hapa ndipo sheria ya kimo inapoingia. Mlangoni kuna alama ya urefu, na mtoto asiyeifikia harudishwi kwa kuonewa. Kile chuma kimepimwa kwa mwili wa ukubwa fulani. Mtoto mdogo kitabaki na nafasi juu ya mapaja yake, na gari likielea atateleza kupitia nafasi hiyo. Mzazi anayemvisha mtoto viatu virefu ili aifikie alama anamdanganya mhudumu, lakini chuma hakidanganyiki.

Breki nazo mara nyingi haziko ndani ya gari bali kwenye njia. Nyingi za kubana zimepangwa kama breki ya kuegesha ya lori: upepo ndio unaozifungua, na upepo ukiisha zinabana zenyewe. Zipo pia za sumaku, ambazo hupunguza mwendo bila kugusa chochote na bila kuhitaji umeme. Melbourne, Australia, iko rola kosta ya mbao ya mwaka 1912 ambayo mpaka leo mtu wa breki husimama katikati ya gari, mkono kwenye wenzo. Huyo ndiye aliye karibu zaidi na yule dereva aliyemkosa mama yetu.

Kipande kimoja, gari moja

Jibu la mwisho ni sheria. Rola kosta nyingi zina magari mawili au matatu njiani kwa wakati mmoja. Yakigongana, magurudumu yote niliyoyataja hayatasaidia.

Reli za treni zilishapata dawa yake zamani. Njia inagawanywa vipande. Kipande kikiwa na treni, treni nyingine haiingii mpaka ile ya kwanza itoke. Rola kosta zinafuata sheria hiyo hiyo. Vihisio kwenye reli huiambia kompyuta gari liko wapi, na kipande cha mbele kisipokuwa tupu, kompyuta hulisimamisha gari la nyuma.

Tarehe 2 Juni 2015, kwenye bustani ya Alton Towers nchini Uingereza, rola kosta iitwayo Smiler ilisimama. Kompyuta ilizuia gari lenye watu 16 kwa sababu mbele yake kulikuwa na gari tupu la majaribio lililokwama. Mafundi hawakuliona gari lile tupu. Wakaamini kompyuta imekosea, wakaipita na kuliruhusu gari la abiria liende. Likaligonga lile tupu. Watu watano waliumia vibaya, na wasichana wawili walikatwa mguu mmoja kila mmoja. Mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni inayomiliki bustani hiyo faini ya pauni milioni 5.

Nimeeleza kisa hiki kwa sababu kinasema jambo ambalo vyuma havisemi. Mtambo ulifanya kazi yake sawasawa: ulisimama. Kilichokosekana ni utaratibu wa kumlazimisha binadamu ahesabu magari yote na kwenda kuangalia kwa macho kabla ya kuupita.

Maneno ya uwanjani

Ukisikia habari za bustani hizi, utakutana na maneno haya.

Bustani ya burudani: eneo la kudumu lenye uzio, bembea na michezo mingi, watu hulipa kuingia au kulipia kila mchezo. Huko Marekani nyingi zilijengwa na kampuni za tramu mwishoni mwa karne ya 19, mwisho wa njia zao, ili tramu zisiende tupu siku za mapumziko.

Bustani ya kisa: bustani ambayo kila kitu chake kimejengwa kufuata hadithi au wazo fulani. Disneyland ya California, iliyofunguliwa mwaka 1955, ndiyo iliyoipa aina hii umaarufu. Mwaka 1959 hapo hapo ilifunguliwa rola kosta ya kwanza kutembea juu ya mabomba ya chuma.

Bembea za kuhamahama: zile zinazobebwa kwa lori, zikafungwa uwanjani kwa siku chache, kisha zikafunguliwa na kwenda mji mwingine. Nyingi tunazoziona kwetu wakati wa sikukuu ni za aina hii.

Bembea ya farasi: jukwaa la duara linalozunguka likiwa na sanamu za farasi au magari.

Gurudumu kubwa: lile linalosimama wima na kuwapandisha watu angani kwenye viti. Ile iliyoupa mchezo huo jina ilijengwa na George Ferris mjini Chicago mwaka 1893, urefu wake karibu mita 80.

Rola kosta ya mbao na ya chuma: tofauti iko kwenye njia. Ya mbao ina njia ya mbao zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kuwekewa bapa la chuma juu, nayo hutikisika na kupiga kelele. Ya chuma hutembea kwenye mabomba, ni laini zaidi, na inaweza kupindwa kila upande.

Rola kosta ya kuning'inia: reli iko juu ya vichwa vya abiria, na miguu yao inaning'inia hewani.

Na bembea zetu je?

Huenda wengi wetu hatutapanda Formula Rossa. Lakini sikukuu ikifika, lori litaingia kwenye uwanja wa mpira wa kata, vijana watafunga vyuma usiku kucha, na asubuhi watoto watakuwa wanaomba hela. Bembea ile ni ndogo, ila sheria zake ni zile zile. Tena ina hatari moja ambayo bustani ya kudumu haina: hufungwa na kufunguliwa mara nyingi, na kila mara kuna pini inayoweza kusahaulika.

Kabla hujatoa hela, zunguka bembea nzima mara moja ukiwa umemshika mtoto mkono. Angalia miguu yake. Imekaa juu ya ardhi ngumu na mbao nene, au imewekewa matofali yanayocheza? Kama mvua ilinyesha usiku, imeanza kulalia upande mmoja?

Angalia pini na boliti za viti. Kila pini iwe na kizuizi chake mwishoni. Ukiona msumari, waya au kamba mahali pa pini, ondoka.

Mwangalie mwendeshaji. Anapaswa kupita kiti kwa kiti akivuta kila mkanda kwa mkono wake kabla ya kuwasha. Awe anawaona watoto wote muda wote, na mkono wake uwe karibu na swichi ya kuzimia. Akiwa anachezea simu huku bembea inazunguka, ni sawa na kuendesha gari akiwa amefumba macho.

Uliza kama asubuhi waliizungusha ikiwa tupu kwanza. Ni swali la kawaida, mtu wa kazi hatakasirika. Tazama pia nyaya za umeme: zisipite kwenye maji wala mahali watoto wanapokanyaga.

Mwisho, mwangalie mtoto wako mwenyewe. Ncha za kanga, mtandio, kamba za kofia na nywele ndefu zifungwe vizuri, kwa kuwa vyote hivyo huvutwa na mashine inayozunguka. Mwambie akae, asisimame, asinyooshe mkono nje mpaka bembea isimame kabisa. Na kama hatoshi kwenye kiti, hata akilia, msubirishe mwaka mwingine.

Ukiona jambo la hatari, usiishie kumwondoa mtoto wako. Mwambie mwendeshaji, na asiposikia nenda ofisi ya kijiji au mtaa, au kituo cha polisi. Watoto wa wenzako bado wako kwenye foleni.

Mama aliyetuuliza alitupigia tena juzi. Alisema ameiangalia ile video mara ya nne na safari hii ameimaliza. Alikuwa anatafuta magurudumu ya chini. Hakuyaona, gari lilikuwa na kasi mno, lakini alisema sasa anajua yapo.

Una swali kuhusu chombo chochote unachokiona kwenye simu usijue kinafanyaje kazi? Tuandikie ujumbe kwenye simu ya studio, nasi tutakijadili hewani na kukuandikia hapa.